Mstari wa Blanketi

Tusajigwe alikuwa anakunja springi ya thelathini na nane alipomsikia Ambwene akibisha kwenye mlango wa karakana. Alibisha taratibu, kama mtu aliyefika kwa mgonjwa, na kwa ubishaji huo tu Tusajigwe akajua kuwa mvuke wa mlima umepungua tena.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ingia, ufunge. Joto linatoka."

Ambwene alikuwa mpimaji wa Ukumbi, kijana mpole mwenye koti refu. Chini ya koti alikuwa amebeba kikombe cha maji ya moto, amekikumbatia njia nzima kisipoe. Alikiweka juu ya meza na kukisogeza karibu na mkono wa Tusajigwe. Hakuwahi kuja karakana mikono mitupu, hata siku alizoleta habari mbaya, na karibu siku zote alileta habari mbaya.

"Safari hii ni nafasi moja tu," alisema. "Tumshukuru Mungu. Mwaka jana zilikuwa nne."

Ukumbi ulichimbwa ndani ya mwamba wa Rungwe mwaka ule majivu yalipofunika jua na theluji ikaangukia migomba. Sasa waliishi humo watu mia mbili na sita. Joto lao lilitoka mahali pawili: kwenye mvuke wa chini ya mlima, na kwenye miili yao wenyewe. Mtu mwenye afya ni kama jiko dogo linalotembea, hupasha chumba alichomo. Mtu aliyechoka hukaa tu, akavuta joto la wenzake. Kwa hiyo mvuke ukipungua, Baraza lilipima watu kwa mitungi, na wa mwisho alipelekwa nje ya mlango wa pili, kwenye njia ya mwamba iliyokuwa wazi kwa upepo wa mlimani. Hakuna aliyesema kwamba fulani amekufa kwa baridi. Walisema amepewa varanda.

"Na springi?" Tusajigwe aliuliza.

"Wanataka ngumu zaidi. Kwenye jaribio la juzi watu mia nzima walifika mstari wa kumi, juu kabisa. Hatuwezi kuwatofautisha."

"Mnatafuta mmoja. Hao mia mnataka kuwatofautisha ili iweje?"

Ambwene alitazama kikombe. "Ili tujue mapema nani atafuata."

Tusajigwe alitoa mtungi mmoja kwenye beseni la theluji, akaukumbatia kwa viganja vyote viwili. Mtungi wenyewe ulikuwa mdogo, urefu wa mchi wa kutwangia kitunguu saumu, na ubavu wake mmoja ulikuwa wa kioo. Ndani mlikuwa na vijiko viwili vya maji, na hewa yote ilikuwa imenyonywa, ndiyo maana maji yale yaliweza kuchemka kwa joto la mkono tu. Juu ya maji ilikaa pistoni, na juu ya pistoni springi. Mshikaji akiwa na joto, maji yanatoa mvuke, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inapanda mstari kwa mstari.

Maji ya sufuriani yakishachemka hubaki na joto lile lile, uongeze kuni usiongeze. Maji ya mtungini hayana raha hiyo. Pistoni ikipanda kidogo springi inabanwa, na springi iliyobanwa inasukuma kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Ili pistoni ipande mstari mmoja tena, maji sharti yawe moto kuliko yalivyokuwa. Mstari wa kwanza hata maiti aliyelala mchana kutwa juani angeufikia. Wa saba ulitaka damu inayokimbia.

Pistoni ilifika wa nane ikasimama. "Ngumu hii," Tusajigwe alisema. "Wiki iliyopita ningegonga kumi."

Nje ya karakana mtu alikohoa mara mbili. Tusajigwe aliuweka mtungi mezani, akavuta khanga kufunika kichwa na uso, akageukia ukuta. Hatua za mzee zilipita mlangoni polepole, zikaishia upande wa pili wa ujia. Ndipo akajifunua, akarudi kwenye springi zake.

Aliyepita alikuwa baba mkwe wake, Mzee Anyambilile. Kwa watu wa Rungwe mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hamgusi, wala hataji jina lake. Zamani kwenye migomba haikuwa kazi, mwanamke aliona mkwe anakuja akaingia shambani. Ndani ya Ukumbi ujia una upana wa hatua mbili, na nyumba nyingi zilikuwa zimeacha mwiko huo. Wao wawili hawakuuacha. Miaka kumi na tisa mzee alikohoa mara mbili kabla ya kila kona. Wengine waliona ni ukaidi wa uzee. Tusajigwe alimwona kama mtu anayempigia hodi mwenzake asiye na mlango.

Ambwene alishusha sauti. "Kwenye jaribio mzee alifika wa nne. Bupe wa jikoni wa tano. Wengine wote sita kwenda juu."

"Kwa nini unaniambia?"

"Watu wa nyumba moja wanaruhusiwa kupashana mikono kwenye foleni. Nyumba yenu mmebaki wawili. Ila najua hamgusani."

"Hatugusani."

"Basi." Alifunga vifungo vya koti. "Usijilaumu, fundi. Hakuna mwenye lawama hapa. Maji ndiyo yanaamua."

*

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia la gunia. Mume wake, Lugano, ndiye aliyekuwa akibeba maneno kutoka upande hadi upande, mpaka alipofukiwa kwenye chumba cha pampu. Baada ya maziko kukawa kimya juma zima. Siku ya nane mzee akasema kutoka upande wake, "Birika, hebu uliza humo ndani kama kuna chumvi." Tusajigwe akacheka, na hakuwa amecheka tangu msiba. Tangu hapo birika lililokaa chini ya pazia, nusu huku nusu kule, ndilo likawa mtoto wa nyumba.

Mchana ule mzee alianza kabla hajakaa vizuri.

"Birika, mwambie fundi asinitengenezee springi ya pekee."

Mkono wa Tusajigwe uliganda ndani ya mfuko wa aproni. Springi ilikuwamo humo, laini, ya waya mwembamba, iliyokuwapo kabla yeye hajaanza kazi ile. Aliiokota kwenye kopo la vifaa ambalo mzee mwenyewe alimpa alipoanza kujifunza, akainoa ncha kwa tupa.

"Birika, mwulize mzee nani kamwambia habari za springi."

"Nimefanya kazi hiyo miaka thelathini. Tupa ikipita kwenye waya mwembamba huwa inalia. Imelia tangu asubuhi." Mzee alikohoa, kikohozi cha kifua, si kile cha adabu. "Waya kama huo ulikuwa mmoja tu kwenye lile kopo, springi ya kwanza kabisa. Mwulize kama anajua ule mraba kwenye mstari wa tatu ni picha ya nini."

Kila mtungi ulikuwa na mraba mdogo uliochongwa kwenye mstari wa tatu, na kila mtoto wa Ukumbi alijua jibu. "Mwambie ni mlango. Mlango wa pili."

"Mlango una pindo?"

Tusajigwe hakuelewa. Mzee alisukuma kitu chini ya pazia kwa ncha ya fimbo. Ulikuwa mtungi wa zamani, kioo chake kimepata ukungu. Kwenye mstari wa tatu mraba ulikuwapo, na chini yake mistari midogo midogo kama nyuzi zinazoning'inia.

"Mwaka wa kwanza wa majivu watoto walikuwa wanatufia mikononi," mzee aliliambia birika. "Mama anamshika mwanawe asijue kuwa ameshapoa, kwa sababu mikono yake mwenyewe ni barafu. Mkono baridi haujui baridi ya mwenzake. Ndiyo nikatengeneza huo mtungi. Mtoto anashika. Pistoni isipovuka mstari wa tatu, analetewa blanketi la pili. Hiyo picha ni blanketi."

"Birika, nani aligeuza?"

"Hakuna aliyegeuza. Blanketi ziliisha. Mtungi ukabaki."

Baadaye mzee akasema aletewe maji kidogo, na Tusajigwe akalijaza birika mpaka juu, akalisukuma upande wa pili na kugeuka kabla mkono wa mzee haujatokea.

Alijua hesabu yote. Akiweka springi laini, mzee atapanda na wa mwisho atakuwa Bupe, mwenye mtoto wa wiki saba. Watoto wachanga hawapimwi. Mtoto angebaki ndani, mama angetoka. Na Bupe huyo huyo ndiye aliyekuwa anamkwangulia mzee ukoko kila siku kwa sababu alimsikia mara moja tu akisema anaupenda.

Alijua, na bado alirudi karakana akaifungia springi laini ndani ya mtungi mpya, akaufunga uzi mweupe shingoni ili autambue.

*

Siku ya kupima watu walipanga foleni tangu asubuhi, nyumba kwa nyumba, wakishika mitungi kumi kumi kwa mara moja. Mtu asiyejua angedhani ni sherehe ya mapenzi. Waume waliweka mikono ya wake zao makwapani mwao, mabinti walipuliza viganja vya mama zao, vizee wawili ndugu walisuguana wakitaniana.

"Sugua, we. Unanipapasa kama unachagua nyanya."

"Mikono yenyewe imechakaa. Nikiisugua sana itakatika, halafu utashika mtungi kwa nini?"

Tusajigwe alisimama kando ya beseni la theluji akimkabidhi Ambwene mitungi. Mtungi wa uzi mweupe aliuweka pembeni kabisa. Wao wawili, kama nyumba ya mafundi, wangepimwa mwisho. Mzee alikaa kwenye benchi amempa mgongo, ili mkwe wake afanye kazi bila kujifunika.

Bupe alifika akiwa na mtoto mgongoni. Mume wake alikuwa amempasha mikono mpaka yeye mwenyewe midomo ikawa ya kijivu. Kabla ya kushika mtungi Bupe alimpenyezea Tusajigwe kitambaa kilichokunjwa.

"Ukoko wa mzee," alinong'ona. "Ni wa moto bado. Mwambie aushike kwanza viganjani, ndipo ale."

"Wewe umeshika?"

"Nimeshikashika nikiubeba. Unatosha, mpe yeye."

Ambwene alihesabu mpaka mia mbili. Pistoni ya Bupe ilipanda ikasita, ikapanda tena, ikasimama kwenye mstari wa tano. Bupe aliutazama ule mstari, kisha akamrekebisha mtoto mgongoni, akaenda kusimama ukutani pamoja na mumewe.

Kitambaa kile kilikuwa bado na joto mkononi mwa Tusajigwe. Aliinama kwenye beseni kana kwamba anapanga mitungi, akautoa ule wa uzi mweupe na kuuficha ndani ya khanga, usitumike.

Lakini kulikuwa na njia nyingine, na yeye fundi wa joto alikuwa ameiona tangu juzi. Joto halitoki hewani. Likiingia kwa mmoja limetoka kwa mwingine. Yeye alikuwa na mistari minane. Angempa mzee mitatu, minne, mpaka mzee ampite Bupe, na yeye abaki chini yao wote. Hapo hakuna mtu wa tatu ambaye angelipia.

Foleni ilipokwisha, alitembea mpaka kwenye benchi. Alipiga magoti mbele ya baba mkwe wake, akashusha khanga mabegani, akamshika mikono.

Ukumbi wote uligeuka kutazama. Mwanamke mmoja akasema, "Ee Mungu wangu, anamshika mkwewe."

Mzee alikuwa ameshafumba macho. Aliyafumba kwa nguvu mpaka mikunjo ikajaa usoni, ili angalau yeye asimtazame. Mikono yake ilikuwa kama mawe ya mtoni. Tusajigwe aliibana kati ya viganja vyake, kisha akaiweka shingoni pake, huku na huku, mahali damu inapopita karibu. Baridi ilimwingia mpaka kwenye meno. Alikaa hivyo muda mrefu. Polepole vidole vya mzee vikaanza kulegea, na vya kwake vikaanza kufa ganzi, na akafurahi, kwa sababu ndivyo alivyopiga hesabu.

Kisha kidole gumba cha mzee kikabonyeza mgongo wa mkono wake, mara moja, taratibu, kama fundi anayejaribu springi. Kikakaa hapo. Mkono wake sasa ulikuwa na joto, na mkono wenye joto unajua baridi ya mwenzake.

Mzee akavuta mikono yake.

"Leo birika halipo," alisema kwa sauti kubwa, macho bado yamefumbwa, "basi nitasema mwenyewe. Mke wa mwanangu amenishika mbele za watu. Lazima ninawe."

Aliinuka akapapasa njia kwa fimbo mpaka kwenye beseni, akatumbukiza mikono kwenye theluji hadi kwenye viwiko. Alinawa kama mtu aliyetoka kuzika, kidole kwa kidole.

"Mzee, mikono itaganda," Ambwene alisema. "Bado hujapimwa."

"Nanawa, kijana. Kwenu hamnawi?"

Baadhi ya watu walicheka. Wanawake wakasonya, si kwa mzee, kwa Tusajigwe aliyebaki amepiga magoti mbele ya benchi tupu. "Ona sasa," mmoja alisema. "Amemtia mzee wa watu unajisi siku ya kupimwa. Angemwacha na minne yake labda wangemhurumia." Wote waliona mzee wa mila akiosha aibu. Hakuna aliyekuwa amebonyezwa mgongo wa mkono isipokuwa yeye.

Ambwene alimpa mzee mtungi, akahesabu mpaka mia mbili. Alihesabu polepole kuliko kwa mtu mwingine yeyote siku ile. Pistoni ilifika mstari wa kwanza ikakaa.

Tusajigwe alipopimwa alifika wa tano. Hakuna aliyeangalia.

*

Mzee alitoka siku ile ile kabla ya chakula cha mchana. Njia ya mlango wa pili ilipita mbele ya karakana. Alikohoa mara mbili. Tusajigwe akajifunika na kugeukia ukuta, akasikia hatua, akamsikia akimwambia Ambwene, "Ukipita kwetu, liambie birika lisikae bila maji." Ambwene aliufunga mlango akiushika kwa mikono yote miwili ili usigonge.

Ukuta wa nyuma wa karakana ndio ukuta wa varanda. Baada ya muda mfupi sauti ilipenya kwenye mwamba: vikohozi viwili. Mzee alikuwa anatembea huko asigande, na kila alipofika usawa wa karakana alikohoa. Kila alipokohoa Tusajigwe aliacha kazi, akajifunika, akageuka.

Bupe alikuja na ukoko mikononi, akakumbuka, akabaki ameushika.

"Dada," alisema, "wanakusema vibaya huko jikoni. Mimi sikusemi. Ila nitamwambia Mungu ukweli, nashukuru mzee alikuwa mtu wa mila. Asingenawa, ningekuwa mimi."

Tusajigwe alimtazama mtoto mgongoni kwake, aliyelala mdomo wazi. Neno lilimfika kwenye ulimi. Kama angelisema, mwanamke huyu angelibeba maisha yake yote, juu ya mtoto na sufuria na kila kitu.

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa mtu wa mila. Kula huo ukoko, unanyonyesha."

Jioni ilipokaribia Ambwene alikuja na kikombe chini ya koti. Baraza limeamua, alisema, kupashana mikono kumepigwa marufuku, kunaharibu kipimo. Na wanataka mitungi arobaini mipya. Aliokota mmoja uliokuwa juu ya meza, akaugeuza kwenye mwanga.

"Fundi, huu mlango umeuchora na nywele?"

"Ni pindo."

"Mlango unapataje pindo?"

Tusajigwe alifungua mdomo amweleze, tangu mwanzo, watoto na mama zao wenye mikono ya barafu. Ukutani kikasikika kikohozi, kidogo, karibu sana na mwamba.

Alivuta khanga akafunika kichwa na uso, akageukia ukuta, akangoja cha pili. Nyuma yake Ambwene alisimama na kikombe mkononi. Maji yaliacha kutoa mvuke, yakawa vuguvugu, yakapoa. Alimwita mara moja, "Fundi."

Yeye aliendelea kusimama uso ukutani. Mzee hajapita bado, na mtu hageuki mpaka mkwewe apite.